Mkono wa Babu Galgalo

Siku hizi wazee hawazikwi. Wakichoka kutembea hugeuzwa dungusi la miiba na kupandwa uani. Babu Galgalo alisimama hapo tangu Talaso, mke wa mjukuu wake, hajazaliwa. Mvua ilipokuja baada ya kiangazi kirefu, mizizi yake iliyotambaa hadi chini ya kitanda iliinywa yote. Akanenepa, mikunjo ikanyooka. Kisima kikabaki vumbi.

“Babu, mwanangu ana kiu!”

“Mimi nilijifunza kungoja. Naye ajifunze.”

Talaso akachukua panga, akamkata mkono, akamkamulia mtoto maji machungu. Kipande kilichobaki akakitupa kwenye samadi zizini.

Wiki iliyofuata, alipokwenda kukama mbuzi, kilikuwa kimeshika mizizi.

“Umeamkaje, mke wangu?” kikamtania. “Ahsante. Sasa babu tuko wawili.”