Waya Juu ya Bati

Kwanza mke alikigeuza kiti cha baba mkwe wake kikaelekea dirishani. Ndipo akafungua kompyuta.

"Unanigeuza kama mtoto aliyeiba sukari," mzee alisema.

Akamjibu kwamba mwanga wa kioo ungemuumiza macho. Mzee hakubisha. Alikunja mikono mapajani, akangoja sauti ya mwanawe.

Mume ndiye aliyewafungia vile vyombo kabla hajapanda meli. Redio yenyewe ilikuwa kidude cha ukubwa wa kidole, kinachochomekwa kwenye kompyuta, na waya mrefu uliopita juu ya bati. Waya unanasa mawimbi ya mbali, programu inayageuza kuwa sauti. "Bila waya, kompyuta hii ni kiziwi," aliwaambia wote wawili, akafunga kitanzi mwisho wake kwa fundo lake la kibaharia. Alimfundisha mkewe kuhifadhi sauti pia, ili siku akichelewa kazini asikilize baadaye.

Kila jioni mume aliita bandarini, akataja meli ilipo na hali ya bahari. Mwishoni aliiba neno moja la nyumbani: "Mnaonisikiliza, niko mzima." Kumjibu haikuwezekana, chombo kile ni cha kusikia tu. Mzee alijibu hivyo hivyo, "Nasi wazima, baba," kisha akamwomba Mungu amrudishe salama.

Asubuhi moja wakala wa meli alimfuata mke kwenye kibanda chake cha ushonaji. Meli imezama, hakuna aliyeokolewa. Mke aliiacha nguo chini ya sindano. Akamsihi wakala asikanyage nyumbani, maana moyo wa mzee ni mbovu na daktari ameshaonya kwamba mshtuko mmoja tu utaondoka naye. Wakala alimtazama, akataka kusema neno, akalimeza. Akaahidi kunyamaza.

Jioni ile alinawa uso, akageuza kiti, akafungua sauti ya zamani aliyokuwa ameihifadhi. Mnaonisikiliza, niko mzima. Mzee aligeuka ghafla, akamkazia mkwe macho. Kisha akaligeukia dirisha. Akasema, "Nasi wazima, baba." Mkwe akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba uongo umepita.

Wakaishi hivyo. Sauti alizokuwa nazo alizizungusha, leo hii, kesho ile. Juu ya bati hakutazama tena, moyo haukumpa. Kipande cha waya kilichoingilia dirishani alikiacha kining'inie vilevile. Hakukaa msibani, hakupewa pole na mtu. Alilia kazini tu, akiendesha cherehani kwa nguvu ili mlio wake umfunike.

Mzee naye alikuwa mpole kupita zamani. Alimfungia kamba mpya ya kuanikia uani, akaizungushia vitambaa vilivyobaki kibandani, ati isikwaruze nguo. Jambo moja tu mkwe alilibaini: mzee hakuomba tena mwanawe arudi. Aliomba Mungu amtunze huko aliko. Akadhani amechoka kungoja.

Siku moja mvua ya ngurumo ilipiga bati mpaka wakazungumza kwa kupaza sauti. Mume akasikika safi, bila hata mkwaruzo. Mkwe roho ikamruka. Alikuwa amesahau kwamba radi huharibu kila kitu hewani.

"Leo mvua haikumsumbua kabisa," mzee alisema, akitazama dirishani.

"Ni chombo kizuri, baba."

"Kizuri sana, mwanangu. Usikizime upesi."

Mzee alifariki usingizini mwaka uliofuata. Mazishini mkwe alilia mpaka akashikiliwa na watu wawili. Nyuma yake wanawake walinong'ona kwamba huyu anamlilia baba mkwe kama anayelilia mume.

Wageni walipotawanyika alifua shuka za mzee, akazianika. Kisha akamwita fundi wa mabati wa mtaa ule, amshushie waya. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Fundi hakuegemeza hata ngazi.

"Waya upi tena, dada? Mzee alinituma niushushe zamani, siku ile mtu wa meli alipokuja hapa asubuhi, wewe umeshakwenda kibandani, akampa habari ya kijana wake." Akainamisha kichwa. "Aliniapisha nisikuambie. Alisema jioni ukikosa sauti, udhani ni waya umekatika, usijue kwamba mumeo amekufa."

Upepo ukaivuta shuka pembeni. Mwisho wa kamba ya kuanikia, pale vitambaa vilipokuwa vimechakaa na kuachia, palitokeza kitanzi cha waya chenye fundo la kibaharia.