Mlinganyo wa Mama Kipeo

Wenzake wa darasa la watu wazima walimbandika jina la Mama Kipeo kwa jinsi alivyopenda hesabu za vipeo. Alikuwa ubaoni, katikati ya mlinganyo, mwanawe mhasibu alipoingia bila hodi.

"Mama, twende nyumbani. Watu wananicheka. Umri huu aljebra ya nini?"

Mwalimu, binti aliyeanza kazi juzi tu, akainamisha macho.

Chaki ilikuwa imevunjika mkononi mwa mama. Kipande kilichobaki hakikuzidi ukucha, naye alikibana kwa vidole viwili, unga mweupe ukimshukia mpaka kwenye bangili.

Utotoni alitolewa shule ili kaka zake wasome, na siku ile hakujibu neno. Leo aligeuka.

"Baba," alimwambia mwanawe taratibu, "ulipoanza shule ulilia, nikakusubiri mlangoni mpaka kengele ikalia. Nilikuuliza shule ya nini?"

Mhasibu akapiga hatua moja kuelekea ubaoni.

"Basi na wewe nisubiri. Ila usisimame hapo, unawaziba wenzangu ubao."

Akampa mgongo.

"Mwalimu, tumetoa saba upande huu. Sasa natoa na upande ule, au siyo?"