Nambari Kumi na Mbili

Nambari kumi na mbili hakuwahi kuonekana kwenye benchi.

Wale kumi na mmoja wa kliniki ya kila Jumanne walijaa koridoni na watu wao: mama mkwe, dada, shangazi, mume anayetazama saa. Mimba zao zote zilikuwa za kuchungwa. Mpimaji aliwatania ili woga upungue. "Shangazi, sogea kidogo, leo zamu si yako."

Mashine yake ilisikiliza damu ikipita kwenye kamba ya kitovu cha mtoto na kuichora kwenye skrini, kilima baada ya kilima. Mstari ukibaki juu kati ya kilima na kilima, mtoto anapata chakula. Ukigusa chini, ni kumtoa siku hiyo hiyo.

Alasiri, wote walipokwisha kuondoka, daktari alichungulia, mkononi faili lenye nambari tu, bila jina.

"Huyu wa kumi na mbili ana wiki thelathini na nne, na mtoto ni mdogo kama wa ishirini na nane. Nimemwita kupitia kwako mara mbili, haji. Kwani anakuja na nani hapa?"

"Peke yake."

"Mume?"

"Alishajitoa. Na ndugu hawajui."

"Leo umlete kwangu, na awe na mtu. Akipasuliwa, nani atampokelea mtoto?"

Daktari akaenda zake. Mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki mlangoni, alinyanyua kichwa.

"Mwanangu, huyo wa kumi na mbili anapitia wapi? Mlango ni huu mmoja, na mimi nipo hapa tangu asubuhi."

"Anajificha, mama."

"Mwambie mficha uchi hazai."

Mpimaji alicheka, akafunga mlango, na kicheko kikaishia hapo. Siku nzima alikuwa ameshika mikono ya watu na kuwaambia wasijali. Kwa huyu wa mwisho hakuwa na neno hata moja, na hilo lilimuuma.

Akapunguza taa, akageuza skrini ielekee kitandani. Jeli ilikuwa ya baridi. Damu ikavuma, fyuu, fyuu. Kilima kikapanda, kikashuka, mstari ukagusa chini.

Alirudia mara tatu. Mara zote tatu uligusa chini.

Machozi yakamtoka bila sauti. Akavuta fomu na kuandika vipimo, mpaka akafika pale palipoandikwa "Aliyeandamana na mgonjwa". Kwa Jumanne tisa alikuwa akipaacha wazi. Kalamu ikasimama.

Kisha akajifuta jeli tumboni, akateremka kitandani, akafunga vifungo vya koti lake pana na kufungua mlango.

"Mama," alisema, "weka ndoo chini. Niambie jina lako kamili, niliandike hapa."