Vikazio Vipya

Makaburini Kitshanga, Mama Epiphanie wa kwaya alimwekea Valens kiganjani vikazio vipya vya gitaa lake la umeme, vile vinavyobana nyuzi zisilegee.

"Ufunge hizi leo, Papa. Kila maziko tunakungoja ukaze nyuzi. Na maiti ingine iko inangoja."

Valens alivitia mfukoni, akaendelea kuzungusha kikazio cha zamani chenye kutu. Kwao udongo haumwagwi mpaka wimbo uanze. Ukingoni mwa shimo, mama mmoja alikuwa amelala kifudifudi, mkono wake umening'inia kuelekea jeneza dogo kule chini.

Epiphanie alitega sikio. "Lakini uzi iko sawa, Papa."

"Ninajua, Mama."

Akaulegeza tena, polepole. Wachimbaji wakaweka majembe chini.