Barua ya Marehemu

Mende wa kwanza alitoka kabla hata skrubu ya pili haijalegea. Alisimama juu ya bisibisi, akatikisa masharubu, kisha akapanda kwenye mkono wa fundi. Wenzake wakafuata.

Fundi alizikung'uta glovu zake, akavaa nyingine juu yake. Mtaani walimwita Spiriti, maana hakugusa kitu cha mtu kabla hajakipangusa kwa spiriti, hata kama ni funguo. Leo chupa nzima isingetosha. Ndani ya kasha la kompyuta panya walikuwa wamejenga, wakazaa, wakahama. Waliacha karatasi zilizotafunwa, nywele, na mkojo uliokauka ukawa utandu wa manjano juu ya nyaya. Harufu ilimpanda hadi machoni. Alimeza mate mara mbili ili asitapike mbele ya wateja.

Wateja walikuwa wawili, kaka na dada yake, watu wazima wenye nguo zilizopigwa pasi zikapigika. Walikaa upande wa pili wa meza wameziba pua, utadhani uchafu ule haukutoka kwao.

“Baba alikuwa anaiweka chini ya kitanda,” dada alieleza. “Hapendi mtu aguse vitu vyake.”

“Alikuwa hapendi,” kaka akamsahihisha.

Dada aliinamisha uso. Fundi akawapa pole, wakaipokea.

Shida yao waliisema bila kuzunguka. Marehemu, karani mstaafu, aliandika barua ya kurithisha nyumba, na ukoo mzima ulijua kwamba imo humo ndani, maana aliitangaza mwenyewe kabla kompyuta haijazimika kabisa. Ukoo ulikuwa unaujua pia mtindo wake wa kuandika, kwa hiyo barua nyingine isingepita. Wateja waliitaka mkononi kabla ya saa kumi jioni. Fundi alifikiria mazishi, akaharakisha.

Alichomoa diski, akaipangusa, akaiunganisha na mashine yake. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Aliwaonya kwamba diski kuukuu kama hiyo huenda ikakubali kusomeka mara moja tu. Simu ya dada ililia. Aliitazama, akaizima sauti.

“Mdogo wetu wa kike huyo, wa mwisho,” alisema.

Fundi aliuliza kwa nini hakuja nao.

“Tangu Jumapili habanduki kitandani,” kaka alijibu.

Fundi alimwonea huruma huyo binti asiyemjua, aliyelazwa na majonzi wakati wakubwa wake wako huku wanahesabu vyumba.

Barua ilipatikana saa nane na nusu. Kaka alizunguka meza akaisoma kwenye kioo cha mashine, akimpumulia fundi shingoni. Ilikuwa fupi. Nyumba ilikuwa ya kitinda mimba. Ndiye aliyeniosha na kunilisha, mzee aliandika, na hana pengine pa kulala. Hao wakubwa wawili kila mmoja anayo yake, na miaka sita sijawaona mlangoni pangu.

“Toa jina lake, weka yetu sisi wawili,” kaka alisema. “Na hiyo sentensi ya mwisho ifute. Mengine yaache kama yalivyo.”

Fundi alidhani amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya. Akasema kazi yake ni kutoa, si kutia. Kaka hakubishana naye. Alivuta kibodi, akaanza kuandika mwenyewe kwa vidole viwili, taratibu, huku dada akimchungulia begani.

“Sasa tuko wawili,” dada alimkumbusha. “Si ‘aliyeniosha’ tena. Andika ‘walioniosha’.”

Kaka akarekebisha. Walioniosha na kunilisha, na hawana pengine pa kulala.

Kichefuchefu kilichompata fundi wakati huo hakikuwa cha panya. Alitamani awamwagie spiriti hao wawili, awasugue kwa brashi. Badala yake alishika kitu kimoja alichodhani kitawakwamisha. Barua isiyo na sahihi, aliwaambia, ni karatasi tu, na marehemu hawezi kutia sahihi.

“Dole gumba litatosha,” kaka alisema.

Dada alifungua mkoba, akatoa kikebe cha wino wa mhuri. Kilikuwa kipya, bado kimo kwenye nailoni yake, akaanza kuibandua kwa kucha. Fundi alimtazama. Aliona chumba cha maiti, shuka linafunuliwa, mkono mgumu unavutwa, kidole kinagandamizwa kwenye wino halafu kwenye karatasi, kisha kinapanguswa ili waoshaji wasishtuke. Katika kazi hii aliwahi kutoa panya aliyeoza ndani ya printa, na hakutapika. Sasa mate yalimjaa mdomoni, akageukia ukutani mpaka yakatulia.

Aliporudi mezani barua ilikuwa tayari kwenye kioo, ikisubiri kuchapwa. Mkono wake haukuenda kwenye printa. Alijua akiichapa, yule binti atalala nje.

Simu ililia tena. Safari hii dada aliipokea, akasikiliza, kisha akaiziba kwa kiganja.

“Kaka,” alinong'ona, “mdogo wetu analia kwa furaha. Anasema marehemu amefumbua macho, anaomba maji.”

Kaka hakuondoa macho kwenye kioo.

“Mwambie asimpe,” alisema. “Fundi, chapa.”