Mgonjwa wa Kitanda cha Saba

"Asikatwe kabla sijafika!" Daktari Nyaguthii alipaza sauti kwenye simu, huku akitafuta ufunguo wa gari ambao tayari ulikuwa mkononi mwake.

"Leo hakatwi, bana," Walubengo alijibu kutoka Bungoma. "Lakini kisu hakiko mbali. Njoo umwone, halafu uniambie kama ni mambo ya kichwa."

"Nani amesema ni mambo ya kichwa?"

"Yeye mwenyewe. Kila akiulizwa anasema ni mawazo tu."

Nyaguthii alikata simu akashuka kwenda kwenye gari. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili mjini Kitale. Walubengo alikuwa daktari wa upasuaji. Walikuwa wakitaniana tangu chuo kikuu, zaidi ya miaka ishirini sasa. Nyaguthii alimwita Walubengo mchinjaji mwenye digrii. Walubengo alimwita daktari wa hadithi, mtu anayetibu wagonjwa kwa kutikisa kichwa na kusema "mmh".

Juma lililopita walikutana kwenye mkutano wa madaktari huko Mabanga, na utani ukawafuata hadi mezani.

"Hebu mwangalieni," Walubengo aliwaambia wenzao. "Amejaza sahani mara mbili, na bado nguo zinampwaya. Ati maneno hayashibishi!"

Meza nzima ilicheka. Walubengo mwenyewe alinyamaza upesi, akabaki akimtazama. Nyaguthii alidhani anatafuta utani mwingine.

Alipofika Kiminini, njiani kwenda Bungoma, alikuwa amefungua madirisha yote ya gari, ingawa ilikuwa asubuhi ya Julai na watu kando ya barabara walikuwa wamejifunga makoti. Alilegeza kola ya blauzi. Akaegesha gari penye maduka, akampigia Walubengo tena. Hakuweza kungoja.

"Nipe habari za huyo mama."

"Miaka arobaini na tatu. Usiku halali. Mikono inatetemeka. Hawezi kutulia mahali pamoja dakika tano."

"Amefiwa?"

"Amefiwa, ndiyo. Mwaka huu."

"Na wewe unataka kumpasua! Si hiyo ni huzuni, Walubengo? Nyinyi mkiona mtu analia mnatafuta pa kukata."

"Sawa. Ukimwona ukasema ni huzuni, nitasimama mbele ya madaktari wote nikubali nimeshindwa."

"Utasimama," alisema Nyaguthii, akaliwasha gari.

Njia yote iliyobaki aliwaza jinsi atakavyomtetea mwanamke huyo. Alikuwa amewaona wengi kama yeye, watu waliozungushwa kutoka kliniki hii hadi ile kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwasikiliza. Na tangu alipomzika mama yake Aprili, yeye mwenyewe hakuwa na subira kabisa na watu wanaoharakisha wafiwa.

Wodi ya wanawake ilikuwa ghorofa ya pili. Katikati ya ngazi alisimama, akashika ukuta, akangoja pumzi irudi. Muuguzi mmoja, Wilkista, alimwona akashuka mbio kumlaki.

"Karibu, daktari. Pole na safari. Si ukae kwanza unywe maji?"

"Sikuja kukaa, Sista. Daktari wenu yuko wapi?"

Walubengo alikuwa akingoja mlangoni mwa wodi, mikono mfukoni. Nyaguthii alijiandaa kupokea utani. Haukuja.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza.

"Kitanda cha saba, nyuma ya pazia. Lakini niambie kwanza. Mtu ameketi tu na moyo unaenda mbio. Ni huzuni?"

"Inaweza kuwa."

"Anakula vizuri, tena sana, na anazidi kukonda?"

Nyaguthii alikunja uso. "Hilo hukuniambia."

"Na shingo imeanza kujaa, hapa mbele. Kidogo tu. Yeye hajaona."

Nyaguthii alitembea hatua tatu kuelekea dirishani, akarudi. Alitamani sana kushinda, lakini mgonjwa ni mgonjwa.

"Hapana," alisema hatimaye. "Huzuni haijazi shingo. Hiyo ni tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Apimwe damu leo hii, aanzishiwe dawa moyo utulie. Akiachwa hivyo moyo wake utachoka, na siku moja ataanguka. Mambo ya kisu mtayazungumza baadaye." Akavuta pumzi. "Umenishinda, mchinjaji."

Walubengo hakutabasamu. "Sikutaka kukushinda."

"Kwani mbona hamjampima?"

"Hajakubali kwamba anaumwa. Kila anayemwambia apumzike anamgombeza. Dada yake, aliyenieleza haya yote, amejaribu. Wenzake kazini wamejaribu. Nikaona kuna daktari mmoja tu ambaye neno lake hawezi kulipinga."

"Basi mngeniita mapema," Nyaguthii alisema, akianza kutembea. "Nitamwambia mimi. Wewe utamtisha bure."

Alipita vitanda sita akiwasalimu wagonjwa kwa haraka. Wilkista alimfuata hatua moja nyuma, akiwa na kiti. Nyaguthii alilainisha uso, kama afanyavyo kabla ya kumpa mtu habari nzito, kisha akavuta pazia taratibu.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Hapakuwa na mtu. Juu ya mto palikuwa na faili mpya.

Aliifungua kusoma jina la mgonjwa, akakuta lake mwenyewe.