Ya Pili kwa Tiketi

"Bibi, hiki chuma kimekufa," mhandisi alisema, akikanyaga daraja la duara ambalo zamani lilitumika kugeuzia vichwa vya treni karakanani. "Ndiyo maana hapa nimechora maegesho ya mabasi ya watalii."

Kamati nzima ya kugeuza stesheni ile ya zamani kuwa kivutio cha watalii ikaafiki.

Bibi Grisi, fundi mstaafu wa karakana ile, hakubishana. Tangu stesheni ifungwe, kila Ijumaa alikuja na kopo lake la grisi kupaka mhimili wa katikati wa daraja hilo, na watu wakamcheka kwamba anampaka maiti mafuta.

"Pandeni wote, wanangu. Na ramani yenu."

Wakapanda, watu wazima tisa. Bibi alivua kandambili, akashika mpini, akasukuma kwa mkono mmoja.

Karakana ikaanza kuwapita taratibu, mlango, dirisha, mlango mwingine, bila chuma kulia hata kidogo. Mhandisi akajikuta ameshika mkono wa mwenyekiti.

Duara lilipotimia, hakuna aliyeshuka. Mwenyekiti akakohoa kidogo.

"Bibi, hebu tuzungushe tena."

Bibi Grisi akawanyooshea kiganja chenye grisi.

"Ya pili ni kwa tiketi," alisema. "Na wewe mhandisi, futa hayo maegesho kwanza."